Vidonge tunapata, wa kutusikiliza yuko wapi?



Leo naanza na mdau mmoja asiyetaja jina. Aliandika maoni chini ya ile habari yangu ya hospitali, nami nafupisha: Pemba tunataka madaktari, mashine na dawa, hao wa kukaa kuongea na mgonjwa ni mambo ya walioshiba. Wengine saba wakamuunga mkono. Nimekaa na maneno yale siku kadhaa. Leo namjibu, tena kwa heshima, kwa sababu miaka miwili nyuma na mie ningesema vile vile.

Kilichonibadilisha ni jirani yetu mmoja hapa Wambaa. Jina silitaji, na mambo mengine nimeyapindisha kidogo asijulikane. Ni kaka mtu mzima, mvuvi, ana mke na watoto. Alianza kukosa usingizi. Kisha akaacha kwenda baharini. Kisha akaacha kula na wenziwe, sahani anapelekewa ndani na inatoka kama ilivyoingia. Mama yake kila akiulizwa hujibu: "Mwanangu hana wazimu, ana mawazo tu."

Wakampeleka hospitali. Mie nikafuatana nao kwa sababu ndo nimemaliza shule, naambiwa najua kusema na watu wa ofisini. Tulikaa foleni toka saa mbili asubuhi. Kulikuwa na wagonjwa wa kifafa, watoto, wazee, watu kama thelathini hivi. Alipoingia nikatazama saa ya simu. Dakika NNE. Aliulizwa analala au halali, anasikia sauti au hasikii, akapewa vidonge vya mwezi mmoja. Simlaumu yule muuguzi, na foleni ile na mie ningefanya hivyo hivyo.

Njiani kwenye gari kaka alisema neno moja tu: "Hakuniuliza kwa nini."

Wiki ile ile wakampeleka kwa mganga. Mganga alikaa naye toka baada ya Isha mpaka usiku wa manane. Akamuuliza habari ya nyumba, ya bahari, ya marehemu babake, ya madeni. Na hapo ndo kwa mara ya kwanza mwenyewe akasema. Kumbe mdogo wake alikuwa ndani ya MV Spice Islander, na tiketi alimkatia yeye.

Wadau wa huku hamna haja ya kukumbushwa. Kwa walio mbali: usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyotoka Unguja kuja Pemba ilizama upande wa Nungwi, ikiwa imepakia watu wengi kupita kiasi. Maiti karibu 200 zilipatikana, na watu wengi zaidi ya hao hawakuonekana mpaka leo. Mie nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka khitma, nakumbuka wanawake wakilia bandarini. Kisha mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja.

Sasa mwaka jana mtoto wa kwanza wa yule kaka alitakiwa avuke kwenda Unguja kusoma. Hapo ndo usingizi ulipokatika.

Mganga alipata habari yote, ila jibu lake lilikuwa pepo wa baharini, mbuzi mmoja na pesa ambazo familia imekopa. Hospitali walikuwa na dawa ya kweli, ila habari hawakuipata. Upande mmoja una masikio bila elimu ya ugonjwa, upande mwengine una elimu bila nafasi ya kusikiliza. Katikati yao kuna kiti kitupu. Mwenye kiti hicho ni MWANASAIKOLOJIA TIBA.

Ni nani huyo?

Wengi tunawachanganya, hata mie nilikuwa nachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, amesomea mwili na dawa, ndiye anayeandika vidonge. Mwanasaikolojia tiba hakusomea udaktari na haandiki dawa. Amesoma digrii ya saikolojia, kisha akaongeza ya pili ya saikolojia tiba, ambayo ndani yake kuna mafunzo ya kukaa na wagonjwa chini ya mwalimu. Kwa Tanzania, chuo cha MUHAS pale Muhimbili kinatoa shahada hiyo ya uzamili.

Kazi yake ya kwanza ni kupima. Hana sindano wala mashine, anapima kwa maswali yaliyopangwa, kwa majaribio ya kumbukumbu na akili, na kwa kumtazama mtu. Anatafuta hili ni huzuni ya kawaida ya msiba, au ni sonona, au ni mshtuko uliobaki baada ya ajali, au ni skizofrenia inayoanza, au ni mtoto mwenye usonji ambaye shuleni anachapwa kila siku kwa sababu mwalimu anamwona mkaidi.

Kazi ya pili ni tiba ya mazungumzo. Hapa ndo mdau wangu alipocheka. Jamani, haya si maongezi ya barazani. Mchukue yule kaka. Mwanasaikolojia angekaa naye dakika 45 mpaka saa nzima, kila wiki, labda wiki sita mpaka kumi. Angeanza na usingizi na kula, kwa sababu mtu asiyelala hafikiri. Angemuuliza waziwazi kama amewahi kutaka kufa. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, kunamfungulia mlango wa kusema. Kisha wangelichukua lile neno linalomtafuna, "mie ndiye niliyemuua", wakaliweka mezani. Nani alipakia watu kupita kiasi? Wewe ulipokata tiketi ulijua nini? Angekuwa mwenzio ndiye aliyekata, ungemwita muuaji? Kisha polepole wangeirudia bahari. Leo kufika pwani tu, wiki ijayo kugusa ngalawa, wiki nyengine kumsindikiza mtoto mpaka bandarini Mkoani.

Mambo haya yana utaratibu wake, yamepimwa kwa utafiti kama zinavyopimwa dawa. Na hayapingani na dawa. Mgonjwa wa sonona kali au skizofrenia anahitaji vidonge, na mwanasaikolojia mzuri ndiye atakayemshikilia asiviache.

Kazi ya tatu ni familia. Hii ndo itawashangaza. Miaka ya 1950 kule London mtafiti George Brown aliona jambo la ajabu: wagonjwa walioruhusiwa kurudi kwa jamaa zao, wengine walikuwa wanaugua tena haraka. Uchunguzi ulipoendelea ikaonekana kwamba nyumba zenye lawama nyingi, ukali au kumwingilia mgonjwa kila dakika ndizo zilizomrudisha hospitali. Miaka ya 1990 Mmarekani Juli McGruder alikuja Zanzibar kwetu kukaa na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Habari zake zimeelezwa kwenye kitabu cha Ethan Watters cha mwaka 2010, Crazy Like Us. Aliona kwamba nyumba nyengine zilizoamini kuwa pepo ndiye anayemsumbua mgonjwa hazikumlaumu mgonjwa mwenyewe. Akitulia anarudi kwenye kazi za nyumba kama kawaida, akichafukwa wanamvumilia.

Mmeona? Mwanasaikolojia anayejua kazi yake hatakuja Pemba kutukana pepo wala kombe. Atachukua ule uvumilivu wa mama zetu, atauongezea elimu ya ugonjwa na dawa. Atakachokataa ni kamba, pingu na kipigo. Na tusijidanganye, watu wanafungwa. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti kwamba watu wenye matatizo ya akili wanafungwa minyororo katika nchi kama 60 duniani. Si aibu yetu peke yetu, lakini ni aibu yetu pia.

Sasa tupige hesabu

Hospitali ya akili Zanzibar ni moja, Kidongo Chekundu, nayo ipo Unguja. Sisi wa Pemba tuna kliniki kwenye hospitali za huku, ila ukizidiwa kabisa unavushwa bahari. Hebu fikiria, mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeanzia kwenye meli, tiba yake kubwa ipo ng'ambo ya meli!

Sensa ya 2022 ilituhesabu Wapemba 543,441. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 mtu 1 katika kila 8 duniani aliishi na tatizo la afya ya akili. Hicho ni kipimo cha dunia, si cha Pemba, kwa hiyo sitakitumia. Nachukua kidogo sana: tuseme mtu 1 tu katika kila 100 ndiye anayehitaji kukaa na mtaalamu. Hao ni watu 5,434. Kila mmoja apate vikao sita tu. Jumla vikao 32,604 kwa mwaka.

Mwanasaikolojia mmoja akiona watu sita kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 46 kwa mwaka (naye ana likizo na mafunzo), anafikisha vikao 1,380. Gawanya. Tunahitaji wanasaikolojia 24 kwa Pemba peke yake, na hapo tumedhania kidogo.

Basi mdau wangu atasema: si nilikwambia? Haiwezekani! Nami nakubaliana naye nusu. Tukiomba wanasaikolojia wa kuona wagonjwa mmoja mmoja mpaka waishe, hatutawapata na hawataisha. Katika nchi maskini wafanyakazi wote wa afya ya akili ukiwajumlisha, wauguzi kwa madaktari, hawafiki 2 kwa kila watu 100,000. Nchi tajiri wana zaidi ya 60.

Lakini kosa liko kwenye kazi tunayotaka kumpa. Tazama Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake kijana, binti aliyejiua. Alitakiwa arudi hospitali, familia haikuwa na nauli ya basi, kama dola 15 hivi. NAULI, wadau. Sisi wa kisiwani tunalijua neno hilo. Mwaka 2006 Chibanda akaanza pale Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani. Aliwafundisha kusikiliza kwa utaratibu, wakakaa kwenye mabenchi nje ya kituo cha afya. Hakutumia majina ya kizungu ya magonjwa, alitumia neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Yaani lile lile neno la mama wa jirani yangu.

Mwaka 2016 utafiti wao ulitoka kwenye jarida la kidaktari la JAMA. Watu 573, vituo 24 vya afya. Baada ya miezi sita, katika waliopata huduma ya kawaida karibu asilimia 50 bado walikuwa na dalili za sonona. Katika waliokaa na wasikilizaji wa benchi ni asilimia 14 hivi. Wazo hilo likavuka mipaka, likafika mpaka Zanzibar, kule Unguja.

Lakini, na hapa nisikilizeni vizuri, wale bibi hawakuachwa peke yao. Nyuma yao walikuwepo wataalamu waliowafundisha, waliowasimamia, na waliopokea wagonjwa waliowashinda. Bila mtu huyo, benchi linageuka baraza la umbea.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Pemba ina wilaya NNE: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Weka mwanasaikolojia tiba mmoja kila wilaya, jumla wanne. Kila mmoja siku tatu kwa wiki anaona wagonjwa wazito, siku mbili anafundisha na kusimamia wasikilizaji 40. Wasikilizaji tunao! Mpango wa Jamii ni Afya tayari una watu wa kujitolea zaidi ya 2,000 Zanzibar nzima, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao kwa ajili ya mama na mtoto. Msikilizaji mmoja akikaa na watu wanne tu kwa wiki, hao 160 wanafikisha vikao 29,440 kwa mwaka. Wanasaikolojia wanne kwa siku zao tatu wanaongeza 3,312. Jumla 32,752. Imefika, na imezidi kidogo!

Najua karatasi huvumilia kila kitu, uwanjani kuna wanaoumwa na wanaoacha. Hata tukipata nusu yake, ni nusu ambayo leo hatuna.

Maswali nitakayoulizwa

"Pesa ziko wapi?" Serikali duniani kwa wastani hutoa kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Huku kwetu tumejengewa: Abdalla Mzee pale Mkoani ilifunguliwa upya 2016, Vitongoji tumepata hospitali ya wilaya. Majengo nashukuru. Lakini jengo halimuulizi mtu kwa nini. Nafasi nne za ajira si jengo. Na tusisahau posho ya wale wasikilizaji, kwa sababu huwezi kumtaka mtu abebe mizigo ya wenzake bure kila wiki huku nyumbani kwake hakuna unga.

"Atakuja atakimbilia Dar." Ndiyo, atakimbia, kama akiletwa mtu asiye na nyumba wala chumba cha kazi. Basi chukueni vijana wa huku huku, wasomesheni kwa mkataba kwamba watarudi. Mie mwenyewe kama ningepata nafasi hiyo ningekwenda kesho.

"Siri je?" Hili ndilo linaloniumiza kichwa. Wambaa ukikohoa huku, kule wameshajua umeumwa nini. Mtu hatasema yaliyomo moyoni ikiwa pazia tu ndilo linalomtenga na foleni, au msikilizaji ni shemeji yake. Ndo maana lazima kiwepo chumba chenye MLANGO, kisichoandikwa "akili" kwa juu, na msikilizaji wa shehia hii asikilize watu wa shehia nyengine. Na atakayetoa siri aondolewe, hata awe mtoto wa nani.

"Na Qur'ani?" Isomwe, nani aliyekataza? Yule kaka anasomewa na bado anakunywa vidonge. Ninachoomba ni maimamu na waganga wajue lini kumwambia mtu: hili lipeleke hospitali.

Na sisi vijana je?

Msidhani naandikia wavuvi tu. Wewe uliyekaa hapo kafe unalipia dakika zako, una matokeo ya form four yaliyokukatisha tamaa, una rafiki aliyeingia kwenye unga, una dada aliyerudi kutoka Uarabuni na hasemi na mtu. Sisi wanaume ndo wabaya zaidi. Tunaambiwa mwanamme halii, basi tunanyamaza mpaka siku tunayosikika ni siku ya mazishi. Kama leo unafikiria kujiua, tafadhali mwambie mtu mmoja kabla ya jua kuzama, mama, rafiki, muuguzi, yeyote, na nenda hospitali iliyo karibu. Usikae peke yako na wazo hilo. Si udhaifu wa imani, ni maumivu, na maumivu yana tiba.

Mambo matatu nataka tuwaulize wawakilishi wetu kabla ya bajeti ijayo Barazani. La kwanza, Pemba ina nafasi ngapi za ajira za wanasaikolojia tiba, na zilizo na mtu ni ngapi? La pili, kila hospitali ya wilaya ina chumba kimoja chenye mlango kwa kazi hii? La tatu, Jamii ni Afya itaanza lini kuuliza habari za mawazo kama inavyouliza habari za uzazi?

Yule kaka mnataka kujua? Vidonge anakunywa, usingizi umerudi nusu. Mtoto wake alivuka salama, anasoma. Mwenyewe mpaka leo hajashuka pwani. Jioni moja moja nakwenda kukaa naye nje ya nyumba yao. Mie sina elimu hiyo, naogopa hata kuuliza nisije nikaharibu. Nakaa tu, naye anakaa. Lakini kinachotakiwa pale si mie.

Mdau wangu usiye na jina, sijui bado utasema ni mambo ya walioshiba? Hoja iko mezani. Maoni hapo chini, kupingana ruksa, matusi sipitishi. Na tafadhali msitaje majina ya wagonjwa, wala msianze kubahatisha jirani yangu ni nani.

Tukutane wiki ijayo inshaallah.